Aliambiwa aifute kompyuta, naye akaifuta

Kioo ni cheusi. Juu yake, upande wa kushoto, kuna mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza usemao kwamba sehemu inayotafutwa haipo, na chini yake alama ndogo inapepesa kama jicho la mtu anayesubiri jibu. Ni saa tatu na robo asubuhi. Fundi amevuta kigoda, amekunja mikono ya blauzi yake, na bado hajagusa kitufe hata kimoja.

"Usiizime, usiiwashe, usiipulize," anamwambia mwenye kompyuta, ambaye mkono wake ulikuwa tayari njiani. "Kwanza tuisikilize inalalamika nini."

Mwenye kompyuta ni mwalimu wa shule ya viziwi, mwanamke wa makamo aliyefika mbio mbio huku skafu yake imeelemea upande mmoja. Kando yake amesimama mwalimu mwenzake, kiziwi mwenye umri wa miaka thelathini na moja, ambaye macho yake yanahama kutoka kwenye kioo hadi kwenye mikono ya mwenziwe anayemtafsiria.

Saa nane mchana, walimu hawa wawili wanatakiwa kusimama mbele ya jopo la mitaala na kuonyesha kazi yao ya miaka miwili: kamusi ya video mia sita na arobaini za maneno ya sayansi katika lugha ya alama. Kani. Mvuke. Usanisinuru. Ni maneno ambayo wanafunzi wao walikuwa wakitajiwa herufi kwa herufi kwa vidole, kwa sababu hayakuwa na alama. Katika kila video, mikono inayoonekana ni ya mwalimu kiziwi.

Jopo likikubali, kamusi itasambazwa kwa kila shule ya viziwi. Lisipoiona leo, kikao kijacho ni baada ya miaka mitatu. Nakala nyingine hakuna. Shule ina kadi mbili tu za kamera, na kila zilipojaa zilimiminwa ndani ya kompyuta hii na kusafishwa ili zirekodi tena.

"Fundi, ni hii hii," anasema mwalimu. "Hii ikienda, na sisi tumekwenda."

"Haijaenda, Mwalimu. Imepotea njia. Aliyepotea njia hutafutwa, hazikwi."

Wateja wa fundi huyu humwita Bi Mitala, naye huitika bila kinyongo. Jina hilo alipewa na fundi cherehani wa chumba cha pili, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, siku aliposikia kwamba kazi ya jirani yake ni kuingiza mfumo wa pili ndani ya kompyuta ambayo tayari ina wa kwanza, ikaishi nayo yote miwili bila ugomvi.

"Nyumbani kwake mume hathubutu hata kutamka neno mke wa pili," fundi cherehani anasema kutoka mlangoni, pini mdomoni. "Lakini njoo umwone mezani kwake. Kila mashine ina wake wenza!"

"Wangu hawapigani," anajibu Bi Mitala bila kuinua kichwa. "Kila mmoja ana chumba chake, na mlangoni nimeweka bawabu."

Bawabu ndilo neno lake la kazi, na ni neno zuri kwa mtu asiyejua kompyuta. Mashine inapowashwa, kiprogramu kidogo huamka kabla ya vyote na kuuliza: leo unaingia kwa nani, kwa mfumo wa zamani au kwa Linux, ule wa pili? Katika kompyuta ya mwalimu, mfumo wa zamani ulikuwa wa barua na alama za mitihani. Linux, ambayo Bi Mitala aliiweka miaka miwili iliyopita kwa kuwa mashine ilikuwa imechoka na inatembea kama konokono, ndiyo iliyobeba kamusi: video zote, pamoja na programu ya kutafutia maneno.

Asubuhi hii bawabu ameamka, amekwenda chumbani kwa Linux alikoacha vitabu vyake vyote, na amekuta hakuna chumba. Bila vitabu hivyo hajui hata njia ya kwenda kwa mfumo wa zamani. Ndiyo maana amesimama gizani.

"Nani aliigusa jana?" anauliza Bi Mitala.

Walimu wawili wanatazamana. Kisha yule wa makamo anapiga simu, na baada ya dakika ishirini anaingia kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Ni mdogo wa mume wa mwalimu huyo.

"Shemeji," anaanza mwalimu kwa upole unaotisha, "jana uliifanya nini kompyuta yangu?"

"Nilifanya ulichoniambia."

"Nilikuambia nini?"

Shemeji anatoa simu na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama karani wa mahakama: "Shem, naomba unifutie kompyuta, imechafuka mno, kesho naipeleka mbele za watu."

Mwalimu anashika kichwa kwa mikono miwili.

"Vumbi! Nilimaanisha vumbi! Na kitambaa nikakuachia juu ya meza!"

"Kitambaa nilikiona. Nikajua ni cha miwani."

"Shemeji!"

"Shemeji nini? Mimi nimesomea kompyuta miezi mitatu na cheti ninacho. Mtu kama mimi akiambiwa afute, atachukua kitambaa kweli?"

Huko mlangoni, fundi cherehani anacheka mpaka anatema pini. Bi Mitala hacheki. Amechukua daftari la mistari na kalamu, na sauti yake imeshuka, kama ya daktari anayemuuliza mgonjwa amekula nini.

"Hebu nieleze taratibu, kaka yangu. Hakuna atakayekupiga. Ulifuta nini hasa?"

Kijana anaeleza. Aliingia katika mfumo wa zamani, akafungua orodha ya vyumba vya diski, akaona chumba kikubwa kisicho na jina wala herufi. Mfumo wa zamani haujui kuisoma Linux. Humwona mke mwenza wake kama mtu asiyekuwepo. Kijana akadhani ni nafasi iliyokaa bure na kujaza uchafu. Akaigusa, akachagua kufuta.

"Ilikuuliza nini?"

"Iliniuliza kama nina uhakika."

"Ukasemaje?"

"Fundi, mwanamume akiulizwa kama ana uhakika, atasema hana?"

"Ukasema ndiyo," anaandika Bi Mitala. "Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye roho ya mtu. Baada ya hapo, ilikuuliza kama unataka kukitengeneza upya hicho chumba? Kukifomati?"

"Iliuliza."

Mikono ya mwalimu inaganda hewani katikati ya tafsiri.

"Nawe?"

"Nikaitwa kula. Niliporudi, chaji ilikuwa imekwisha."

Bi Mitala anafumba macho na kushusha pumzi ndefu. "Mungu ambariki aliyepika chakula hicho."

"Ni mimi niliyepika," anasema mwalimu kwa sauti ndogo.

Kwa hesabu za fundi huyu, kati ya kufuta na kufomati ndimo kazi yake yote ilimo. Anawaeleza kwa kalamu, akichora visanduku vinne daftarini. Kufuta sehemu ya diski si kama kufuta ubao. Ni kama kung'oa namba ya chumba mlangoni na kulirarua jina la mpangaji kwenye orodha ya nyumba. Ukiuliza, utaambiwa chumba hakuna. Lakini mpangaji bado yumo ndani, vitanda vimetandikwa, sufuria ziko jikoni. Hatari ni mtu mwingine kuingizwa humo kabla hajapatikana.

"Kwa hiyo sharti ni moja," anasema. "Hatuandiki chochote juu ya diski hii mpaka tuone uso wa mwenye chumba."

Anachomeka flashi yenye Linux nyingine nzima, na kompyuta inawaka kutoka kwenye flashi hiyo, huku diski yenyewe ikiachwa ilale. Anaamuru programu ya kutafutia sehemu zilizopotea ianze. Upekuzi wa haraka unamaliza kwa dakika mbili na kurudi mikono mitupu. Anaiamuru programu ipekue kwa kina, kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho. Namba zinaanza kupanda kioo kizima. Saa yake ya ukutani inaonyesha saa nne na dakika tano.

Hapa hakuna la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikomfundisha kazi. Miaka kumi na saba iliyopita alikuwa mpiga chapa katika duka la kutolea nakala, akichapa barua za maombi za watu wengine. Mashine zilipokufa, aliyeitwa kuzitengeneza alikuwa akija baada ya siku nne, na katika siku hizo nne duka lilifungwa na yeye alirudishwa nyumbani. Siku moja akachoka. Akafungua mashine kwa bisibisi ya miwani ya baba yake, akaiamsha. Tangu hapo hajarudi kwenye kuchapa.

Leo hutengeneza mashine sita au saba kwa juma, katika chumba cha hatua nne kwa tano chenye dirisha moja, meza mbili na rafu ya diski zilizokufa zilizobandikwa majina ya wenyewe. Ukiuliza kwa nini hazitupi, atakuonyesha iliyo ya kwanza kushoto.

Diski hiyo ilikuwa ya mzee mmoja mjane. Miaka kumi iliyopita alimletea kompyuta awekewe Linux kando ya mfumo wake. Bi Mitala, aliyekuwa na haraka na mashine tatu wazi mezani, akachagua diski nzima badala ya nusu. Picha za mke wa mzee, zote, zilikwenda na hazikurudi.

"Angenitukana, ningepona," anasema. "Alichukua kompyuta yake, akaniambia asante, akaondoka. Ile asante bado inaniuma."

Tangu siku hiyo ana daftari. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote kinachoweza kuandika, huandika kwa kalamu namba anazoziona, huzisoma kwa sauti, na humwomba mtu mwingine yeyote aliye chumbani azisome pia. Fundi cherehani, ambaye hajui tofauti ya diski na sahani, amesoma mamia ya namba hizo.

Wakati namba zinaendelea kupanda, mwalimu kiziwi anagonga meza kidogo ili kuwavuta macho. Anamwelekezea kidole shemeji, kisha anaanza kuzungumza kwa mikono, na mwenziwe anamtafsiria huku akijizuia kucheka.

"Anasema, kwetu jambo hili lisingetokea. Kufuta vumbi ni hivi." Kiganja kinazunguka juu ya meza isiyoonekana. "Kufuta faili ni hivi." Vidole vinanyakua kitu hewani, vinakiponda na kukitupa. "Anasema, nyinyi mna neno moja linafanya kazi za watu wawili, halafu mnasema sisi ndio tuliopungukiwa."

Shemeji anainua mikono yote miwili juu, na chumba kizima kinaangua kicheko. Hata Bi Mitala anacheka, halafu ghafla ananyamaza, kwa sababu kioo kimesimama.

Ni saa tano kasorobo. Katikati ya orodha umetokea mstari mpya, wa kijani.

"Kuna mtu," ananong'ona.

Anabonyeza herufi moja ili kuchungulia ndani bila kuingia. Yanatokea majina ya mafaili. Anashuka. Kani. Kano. Kemikali. Mvuke. Anashuka tena, na majina yanaendelea kumiminika, na mwalimu wa makamo anaanza kuyasoma kwa sauti kama mtu anayeita watoto waliorudi safari. Mwalimu kiziwi hapigi kelele. Amejifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yake yanatikisika.

"Wamo?" anauliza fundi cherehani, cherehani yake imesahauliwa inazunguka huko peke yake.

"Wamo wote! Bado hatushangilii. Kwanza tunatoa watu, nyumba tutajenga baadaye."

Anachomeka diski ya nje na kuanza kunakili. Nusu saa baadaye video mia sita na arobaini ziko salama mahali pengine, zimehesabiwa mara mbili. Lakini video bila programu yake ya kutafutia ni rundo la maneno, si kamusi, na jopo limeomba kuona kamusi ikifanya kazi. Sasa chumba chenyewe lazima kirudishwe kwenye orodha ya nyumba.

Namba za mwanzo na mwisho wa chumba zinaandikwa daftarini. Bi Mitala anazisoma. Mwalimu anazisoma. Shemeji anaombwa azisome pia, naye anazisoma kwa unyenyekevu ambao, shemeji yake anaapa, hajawahi kuuona.

"Una uhakika?" Bi Mitala anamuuliza.

"Ngoja nirudie," anajibu kijana, na anarudia.

Kitufe kinabonyezwa. Flashi inatolewa. Kompyuta inawashwa.

Kioo ni cheusi. Mstari mmoja mweupe. Sehemu inayotafutwa haipo.

Saa ya ukutani ni sita kasoro dakika kumi. Mwalimu anakaa chini polepole, juu ya boksi la printa.

Bi Mitala, hata hivyo, ameinama mbele kama paka aliyesikia panya. Macho yake yanang'aa. Wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo dakika anayoipenda kuliko zote: pale mashine inapokuwa imekosea jambo moja tu, na jambo hilo halina pa kujificha tena.

"Chumba kimerudi," anasema, "lakini tazameni, kilikuwa namba tano. Mlipokifuta, jirani yake aliyekuwa namba sita akasogea akawa tano. Sasa chumba chetu kimerudi, kimepewa sita. Bawabu wetu maskini bado anagonga namba tano!"

Mbele ya ile alama inayopepesa anaandika herufi mbili tu, za kumwamuru bawabu ataje vyumba anavyoviona. Vinatajwa. Anauliza kimoja kimoja. Namba moja: ni mfumo wa zamani, bawabu haelewi lugha yake. Namba tano: hakuna kitu cha kusoma. Namba sita.

Mistari inajaa kioo. Majina ya mafolda, yote.

"Huyo!" Shemeji amepiga kelele kabla ya wote.

Bi Mitala anamwonyesha bawabu njia mpya kwa mistari mitatu ya maandishi, akitamka kila herufi kabla ya kuiandika. Anabonyeza. Kioo kinazimika kwa muda unaotosha mtu kusema "ee Mola," kisha Linux inafunguka kama mlango wa asubuhi. Kazi ya kumwandikia bawabu anwani hiyo ya kudumu, ili kesho asipotee tena, inachukua dakika tano.

Kompyuta inapowashwa upya, orodha inatokea. Ina jina moja tu. Linux.

"Na wa zamani yuko wapi?" anauliza mwalimu. "Alama za mitihani zimo humo!"

"Mke mdogo amerudi, sasa hataki kumtaja mke mkubwa!" anapaza sauti fundi cherehani, akijipiga paja.

"Si yeye, ni bawabu," anacheka Bi Mitala. "Siku hizi wamemzoesha asichungulie vyumba vya wengine mpaka apewe ruhusa." Anampa ruhusa kwa mstari mmoja na kumwagiza azunguke nyumba nzima tena. Safari hii orodha ina majina mawili, moja chini ya jingine. Anaingia kwa wa kwanza, anatoka. Anaingia kwa wa pili, anatoka. Ni saa sita na dakika arobaini.

Mwalimu kiziwi ndiye anayeomba kuijaribu kamusi. Anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia: mwanga. Kwenye kioo anatokea yeye mwenyewe, amevaa gauni la bluu, vidole vyake vikifunguka kutoka kwenye ngumi kama miale. Anajitazama. Kisha anamgeukia fundi na kumwonyesha alama hiyo hiyo, kwa mikono yake hai.

"Anamshukuru?" anauliza shemeji.

"Hapana," anajibu mwalimu, akipangusa macho. "Anamwambia arudie. Anamfundisha."

Bi Mitala anakunja ngumi na kufungua vidole. Anarekebishwa kidole gumba. Anarudia.

Waliondoka wakiwa wamebeba kompyuta kama mtoto mchanga, na nakala ya pili ya video ikiwa ndani ya mkoba wa mwalimu kiziwi. Ujumbe ulifika saa kumi na robo, ukiwa wa sauti, na kwa muda mrefu haukuwa na neno lolote ila watu wakipiga makofi na viti vikiburutwa. Kisha sauti ya mwalimu: "Fundi, wamekubali! Zote! Wametutaka tuongeze mia nne!"

Bi Mitala aliusikiliza ujumbe huo mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama mlangoni ili mtaa mzima uusikie.

Ukimuuliza leo ana mpango gani, hasiti. Shule ya viziwi ina kompyuta kumi na moja zilizolala stoo, nzee mno kwa mfumo zilizokuja nao, na ameahidi kuzipa Linux kila moja, na kuwafundisha wanafunzi wa darasa la mwisho kuzitengeneza. Tatizo ni kwamba mafunzo yenyewe hayana maneno. Diski haina alama. Mfumo hauna. Nakala haina.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha, anatengeneza maneno. Ameandika orodha ya maneno arobaini ya kazi yake, na kila Jumatano baada ya kufunga chumba hukaa na mwalimu kiziwi wakiyatafutia mikono. Wamefika la kumi na mbili. La bawabu liliwachukua jioni nzima, kwa sababu mwalimu kiziwi hakukubali alama yoyote ambayo mtoto angeweza kuichanganya na mlinzi wa benki.

"Ninataka muhula ukifunguliwa, mtoto kiziwi aweze kumwambia mwenziwe kilichoharibika, na mwenziwe aelewe hicho hicho, si kingine," anasema. "Mimi nitakaa nao kwenye dawati. Fundi atakuwa mmoja kati ya wanafunzi, mpaka mikono yangu iache kigugumizi."